Kosa la Kupangwa

Tangu asubuhi Mwalimu Kuramochi Shiori alikuwa hatulii. Aliufuta ubao ambao watoto walikuwa wameshaufuta, akaenda kukung'uta kifutio dirishani, akarudi akaufuta tena. Alipima kwa rula mahali atakapobandika karatasi ya swali, akaona pako sawa, akapima upya. Ungemuuliza anatafuta nini asingekuambia, maana hata yeye hakujua. Alichojua ni kwamba mchana walimu wa wilaya nzima watavua viatu pale mlangoni, watavaa ndara za wageni, watapanda ngazi na kujipanga kuzunguka kuta za darasa lake la tano, kalamu mkononi, wamtazame akifundisha hesabu. Na alijua jambo jingine ambalo hakuna mwalimu mwenzake aliyelijua. Somo hilo alikuwa ameshalifundisha juzi, lote, mwanzo mpaka mwisho, na mtoto wa kukosea alikuwa ameshamchagua.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Mtoto wa kukosea.

Pale Shule ya Msingi Sawanome, kule Akita milimani, kila vuli mwalimu mmoja hufungua darasa lake. Siku hiyo watoto wa madarasa mengine hurudi nyumbani mapema, hubaki wa darasa hilo tu, na somo likiisha wageni hukaa kikao na kulichambua kipande kwa kipande mpaka mwalimu atamani kuyeyuka. Mwaka huu zamu ilimwangukia Shiori, aliyehamia pale majira ya kuchipua. Mwalimu Hatakeyama, mama aliyekaribia kustaafu na ndiye mkuu wa somo la hesabu, alimletea rundo la vijitabu vya walimu akamwambia asome, vitamsaidia. Shiori alivisoma kwenye treni, alivisoma akila, alivisoma maji ya kuoga yakimpoea.

Vijitabu vyenyewe vilikuwa vizuri, tusivisingizie. Vilimwambia mwalimu asilikimbilie jibu. Vilisema kosa la mtoto ni mali ya darasa zima, na kwamba somo lisilo na kosa hata moja halijamfundisha mtu kitu. Vilisema mwalimu akae chini kabla ya somo, ajiandae kwa kila jibu ambalo watoto wanaweza kulitoa, la kweli na la makosa. Lakini mtu mwenye hofu husoma kile hofu yake inachotaka kusikia. Badala ya kujiandaa kwa majibu ya watoto, Shiori akawaandaa watoto na majibu yao. Kwa nchi ile, ambako hata hotuba ya mtoto wa chekechea hufanyiwa mazoezi mpaka na namna ya kuinama, jambo hilo halikumshtua sana. Aliliona kama kufagia nyumba kabla ya wageni.

Swali lenyewe lilikuwa hili: ukichanganya nusu lita ya maziwa na theluthi ya lita, unapata kiasi gani? Kila mwalimu wa darasa la tano anajua watoto watajikwaa wapi. Watajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: moja na moja mbili, mbili na tatu tano, jibu mbili ya tano. Halafu, ukiwa na bahati, mmoja atakuna kichwa na kusema mbona mbili ya tano ni pungufu ya nusu, inakuwaje umeongeza maziwa yakapungua? Hapo ndipo darasa linapoamka. Shiori hakuamini kwamba bahati hiyo itamjia mbele ya wageni. Basi juzi akafundisha yote, akagawa kazi: fulani atachora, fulani atasema maziwa yamepungua, na Fuyuki, mwenye mdomo mwepesi kuliko wote, atatoa jibu la kweli. Fuyuki alicheka akauliza kama ni mchezo wa kuigiza. Shiori akamjibu kwamba ni maandalizi tu.

Ikabaki nafasi ya mbili ya tano. Akamwita Iwase Kotone.

Kotone alikuwa msichana pekee kwenye timu ya besiboli ya watoto, mdakaji, mwenye magoti yasiyoisha vidonda. Tangu Mei hakuwahi kunyoosha mkono darasani. Siku hiyo ya Mei alikuwa amejibu kitu kuhusu pembe, Fuyuki akampigia makofi ya kejeli, darasa likacheka mpaka saa ya kufagia. Shiori alilikumbuka vizuri. Na kwa nini basi akamchagua yeye? Kwa sababu, tuseme tu ukweli, Kotone akikosea hakuna atakayeshangaa. Alipomaliza kumweleza, mtoto alijikuna kiwiko.

"Kwa hiyo nikosee tu, mwalimu?"

"Useme mbili ya tano. Kisha ueleze ulivyojumlisha. Basi."

"Watacheka?"

"Hawatacheka. Nakuahidi."

Kotone akafikiri, akaitikia, akatoka mbio kwenda kuchukua glavu yake. Shiori alibaki ameshika kiti, na tangu dakika ile kitu kilimkaa kifuani hakikutoka. Juzi kilikuwepo, jana kilikuwepo, leo ndiyo kimevimba kabisa. Angemsimamisha mtoto mbele ya walimu wote wale aonekane mjinga kwa faida ya nani? Ya Shiori. Hakuna jibu lingine, na alilitafuta sana.

Saa ya chakula Kotone alikuwa zamu ya kugawa supu. Alikuja na kofia yake nyeupe na barakoa, akamjazia mwalimu bakuli, akainama akanong'ona kwamba mama yake amempigia shati pasi, kwa sababu amemwambia leo atasema mbele ya watu. Macho yalikuwa yanamcheka juu ya barakoa. Shiori alitia wali mdomoni ukakataa kushuka.

Palepale akaamua. Simwiti. Liwalo na liwe, somo likose kosa, wageni waandike wanachotaka, mtoto huyu simwiti. Uamuzi ukampa nafuu, akanywa hata supu. Lakini hakumwambia mtoto. Mara ya kwanza alipotaka kumvuta pembeni, meza zilikuwa zinapangwa. Mara ya pili, wageni walishaanza kupanda ngazi. Na kusema kweli aliona haya, angeanza vipi kumwambia mtoto mwenye shati la pasi kwamba sehemu yake imefutwa? Akajisemea kwamba mtoto atashukuru mwenyewe. Ah, watu wazima bwana, tunajua kujipa moyo.

Kengele ikalia. Watoto wakasimama, wakainama, wakakaa. Shiori akabandika swali mahali alipopima, akasoma kwa sauti ambayo haikuwa yake. Kisha akawapa karatasi nyeupe, kila mtu afikirie peke yake. Huo ndio wakati mwalimu hupita katikati ya madawati kuchungulia nani anafikiri nini, ili ajue atamwita nani na kwa mpangilio gani. Shiori alipita. Alichungulia safu ya dirishani, akachungulia ya katikati, akafika karibu na dawati la Kotone akageuka. Nyuma ya mtoto yule alisimama mama mmoja mgeni, mnene, mwenye miwani ya kamba, amejiinamia kabisa kusoma karatasi ya Kotone, na Shiori hakuwa na uso wa kusogea hapo.

"Haya, nani atatuambia alivyofanya?"

Mikono ikapanda yote kwa pamoja, imenyooka, mizuri mno. Darasa lililofikiri kweli halinyooshi mikono hivyo. Na katikati ya mikono ile ulikuwepo wa Kotone, tangu Mei haujapanda, leo uko juu kuliko mingine, mpaka mtoto amenyanyuka kidogo kwenye kiti.

Shiori akamwona. Akafikiri, maskini, anataka kutimiza ahadi. Akamwita Fuyuki.

Fuyuki akasimama akamwaga yote kwa mfululizo: asili, zile namba za chini, hazilingani, tutafute inayolingana, sita, nusu ni tatu ya sita, theluthi ni mbili ya sita, jumla tano ya sita. Akaketi. Swali lililopaswa kuwatoa jasho saa nzima likawa limekwisha, na muda bado ulikuwa mwingi. Shiori akaomba mwingine. Mkono wa Kotone ukapanda. Akamwita aliyekaa mbele ya Kotone, naye akachora vikombe. Akaomba mwingine tena. Mkono wa Kotone haukuwa umeshuka, mtoto alikuwa ameushikilia kwa mkono wa pili usichoke. Akamwita wa nyuma yake.

Kisha, kwa kutafuta njia ya kuliweka kosa ubaoni bila kumuumiza mtu, akauliza kama kuna anayeweza kudhani jibu ni mbili ya tano. Aliona ni swali la hekima. Fuyuki akajibu bila kusimama.

"Labda mtu asiyejua maziwa ni nini."

Darasa zima likacheka. Hata wageni wawili watatu walitabasamu. Shiori akageukia ubao haraka akaandika mbili ya tano kwa chaki nyekundu, na alipogeuka tena mkono wa Kotone ulikuwa umeshuka. Mtoto alikuwa ameikunja karatasi yake mara mbili na kuiweka chini ya kisanduku cha kalamu. Somo likaendelea mpaka kengele. Ubao ulijaa kutoka kushoto mpaka kulia bila kufutwa hata herufi moja, kama vijitabu vilivyosema, na ulipendeza kweli.

Watoto wakaenda zao. Wageni wakapanga viti duara, chai ikaletwa na vipande vya figili ya kuvukizwa moshi. Desturi ni kwamba mwalimu aliyefundisha ndiye husema wa kwanza, na desturi hiyohiyo inataka ajishushe: somo langu lilikuwa hafifu, bado najifunza, naomba mnisahihishe. Shiori alisema hivyohivyo, neno kwa neno, akainama. Wakaanza kumsifu. Mmoja alisema ubao wake umepangika. Mwingine alisema watoto wana lugha ya hesabu kuliko umri wao. Mwalimu Hatakeyama, aliyeongoza kikao, aliandika tu, na Shiori alipokea sifa zile akiinama kila mara. Alikuwa anaomba kimoyomoyo kikao kiishe.

Ndipo akainuka yule mama wa miwani ya kamba. Alijitambulisha kuwa ni Onodera, kutoka shule ndogo ya huko juu milimani kwenye theluji nyingi. Alizungumza taratibu, kwa lafudhi nzito ya kijijini.

"Mimi nilisimama na mtoto mmoja tu, yule wa shati jeupe sana," akasema. "Naomba nieleze nilichoona."

Akaeleza. Mtoto aliandika kwanza tano ya sita, bila taabu. Halafu hakutulia. Pembeni akachora gongo la besiboli na vimduara. Jumamosi amepiga mpira mmoja kati ya miwili aliyorushiwa. Jumapili mmoja kati ya mitatu. Akavihesabu vimduara vyote kwa pamoja: viwili kati ya vitano. Akaandika mbili ya tano, akaifuta, akaiandika tena. Mama Onodera alimsikia akijisemea, lakini huku ni kweli. Kisha akanyoosha mkono, na mkono ule ulikaa juu mpaka darasa lilipocheka.

"Nimefundisha hesabu hizi tangu nikiwa msichana," akasema, "na swali hilo sijawahi kuulizwa na mtoto. Kwa nini kwenye mpira jibu ni mbili ya tano na kwenye maziwa sivyo? Nilitamani kulisikia darasa likihangaika nalo. Mwalimu Kuramochi, hukumwita. Najua ulikuwa na sababu. Ningependa kuijua."

Akakaa, akanywa chai yake. Hakuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana maneno yake yaliingia mpaka kwenye mfupa.

Shiori alisimama. Alisema somo lilikuwa bovu na yeye amewadanganya wageni. Wageni wote wakaitikia kwa vichwa, kwa upole, maana mwalimu mnyenyekevu husema hayo. Jirani yake hata alinong'ona kwamba asijilaumu hivyo. Shiori akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akataka kupiga kelele.

"Sijishushi," akasema. "Somo hili nililifundisha juzi. Lote. Yale majibu mliyoyasikia niliyagawa mimi. Na mtoto yule nilimpangia akosee. Leo nikamwonea huruma, nikaona nisimwite. Nilidhani amenyoosha mkono ili akosee."

Kijiko kiligonga kikombe mahali fulani. Hakuna aliyejua aangalie wapi, na mtu mmoja akaanza kuipanga upya figili kwenye sahani. Shiori akamgeukia Mwalimu Hatakeyama akaomba ruhusa atoke.

"Kikao hakijaisha, mdogo wangu."

"Najua, mwalimu. Lakini anayejua nilichokosa hayuko humu."

Hakuna anayetoka kwenye kikao cha somo lake mwenyewe, haijapata kutokea. Mama Hatakeyama alifunga kalamu yake, akaifungua, akaifunga tena. Mwishowe akamwambia aende, wao watamsubiri, na akirudi atawaeleza alichoambiwa, hata kama ni kidogo.

Shiori aliteremka ngazi na ndara za ndani miguuni, akasahau kubadilisha viatu, akavuka uwanja hivyohivyo kwenye tope. Timu ilikuwa inafanya mazoezi kando ya mto. Kotone alikuwa amechuchumaa nyuma ya kituo cha mpigaji, kinyago usoni, vilinda magoti vimezidi ukubwa wake. Kocha alipomwona mwalimu anakuja na ndara zimejaa matope aliusimamisha mchezo bila kuuliza. Kotone akapandisha kinyago juu ya kichwa. Alimtazama mwalimu, kisha akatazama ardhi.

"Samahani, mwalimu," akasema kabla Shiori hajafungua mdomo. "Niliahidi nitakosea. Halafu nikataka kuuliza la kwangu. Uliniona usoni, siyo? Ndiyo maana hukuniita."

Shiori alitaka kusema hapana, alitaka kueleza huruma, supu, wageni, haya, na akaona kwamba maelezo yote hayo ni yake na hayamhusu mtoto hata kidogo. Akachuchumaa kwenye mchanga uliolowa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Kosa ni langu. Wewe hukuvunja ahadi yoyote," akasema. "Niulize sasa."

"Si wameshacheka."

"Niulize mimi."

Kotone akachora mchangani kwa kidole. Vimduara viwili, kimoja amekikoleza. Vimduara vitatu, kimoja amekikoleza. Akaeleza Jumamosi na Jumapili, akasema kocha naye huandika hivyohivyo, mbili kati ya tano, na kocha hakosei. Sasa mbona maziwa hayataki? Kama kujumlisha juu kwa juu ni ujinga, mbona kwenye mpira kila mtu anafanya na hakuna anayechekwa?

Shiori alivitazama vile vimduara. Kutafuta asili inayolingana alikujua hata usingizini. Angeweza kuchora vikombe, kukunja karatasi, kumwaga maji. Lakini kwa nini gongo likubali na maziwa yakatae, hilo hakuwahi kujiuliza hata siku moja, si shuleni, si chuoni, na hakuna kijitabu kilichomwandaa. Alihangaika. Alishika jambo likamponyoka, akashika jingine. Mtoto alikuwa anangoja, na nyuma yao mpira ulikuwa unadundadunda mkononi mwa mtu.

"Sijui," akasema.

Kotone akainua kichwa. Akamchunguza mwalimu wake, uso, macho, mpaka mdomo, bila haraka, jinsi anavyomchunguza mrushaji ambaye hajui atarusha nini.

"Hujui kweli, mwalimu," akauliza, "au ndivyo ulivyopanga?"

Shiori akamwambia kwamba hajui kweli. Aliona jinsi neno lile lilivyotoka jepesi, na jinsi juzi, kwa sauti hiihii, alivyomwahidi kwamba hawatacheka. Kotone hakusema kama ameamini. Akateremsha kinyago, akarudi mahali pake nyuma ya mpigaji, akachuchumaa, akainua glavu.